Kivuli cha Tanga, kivuli cha Mtwara

Mei. Simulizi yangu ya kwanza ya historia ya sayansi barazani imedoda. Nilianza na "Galileo alizaliwa mwaka 1564", na kabla sijafika kwenye darubini wawili walishahamia kwenye bao. Safari ijayo naanza na ufito, majina yatafuata.

Juni 21. Kisa ni cha Eratosthenes, mwanazuoni wa Iskandaria, Misri, karne ya 3 KK. Alijua kwamba siku kama ya leo, jua likiwa utosini, vitu havina kivuli kule Siene, Aswan ya sasa. Iskandaria vinacho, tena cha nyuzi 7.2, yaani sehemu 1 ya 50 ya duara. Akachukua umbali wa miji hiyo, stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), akazidisha kwa 50. Huo ndio mzingo wa dunia.

Sisi tuna ufito wa mita 1 hapa Tanga, na mwingine kwa mdogo wangu Mtwara. Timazi nimeazima kwa fundi mwashi. Saa 6 kamili nimeinama na futi, mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, jua halijapinduka. Ngoja zawali."

"Nitaijuaje, mzee?"

"Kivuli kikiacha kupungua."

Kilikuwa sentimita 56. Kikashuka hadi 54.5, saa 6 na dakika 25 hivi, maana saa zetu zinafuata longitudo 45 na Tanga iko kwenye 39. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya jambo hilo! Watu wanaosubiri adhuhuri kila siku hawakuyahitaji.

Mdogo wangu alishapima saa 6 kamili, akaenda zake kula: 67.5. Kwa urefu wa kivuli na wa ufito, pembe za jua zikatoka nyuzi 28.6 na 34.0, tofauti 5.4. Kati ya miji ni kama kilomita 587 kwa mstari ulionyooka. Dunia yetu, 587 × 360 ÷ 5.4: kilomita 39,133.

Juni 22. Tumerudia, naye kangoja zawali. Amepata 66.5, nyuzi 33.6. Dunia: kilomita 42,264.

Mzingo halisi kupitia ncha mbili ni kama 40,008. Kipimo cha kizembe kimekishinda cha makini! Baraza halijawahi kucheka hivyo. Nikawaeleza kwamba ukingo wa kivuli hufifia, nusu sentimita hupotea hapo hapo, na kwamba Mtwara imesogea mashariki ya Tanga, kama Siene ilivyosogea mashariki ya Iskandaria, ilhali hesabu hii inataka miji iwe kwenye mstari mmoja wa kaskazini-kusini. Makosa yakikutana huweza kufutana.

Mdogo wangu kapiga simu: yeye ndiye Eratosthenes, mimi mshika futi.