Ufa kwenye mlango wa yeni elfu ishirini na mbili

Novemba 2019, kodi ya mauzo ya Japani ilikuwa imeshapanda kutoka asilimia 8 hadi 10, na wakusanyaji wa roboti za kuchezea zinazogeuka magari tulikuwa tunalalamika kila tukikutana. Jioni moja rafiki yangu wa Mombasa alikuja kwangu Nakano, Tokyo, na boksi kubwa. Alifungua kifuniko, akaiweka mezani roboti ya mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameufunga kwenye karatasi ya shashi.

"Kaka, wallahi sijailazimisha. Imesimama rafuni tangu Agosti, leo nimekuta mkono uko chini."

Nilimwamini kabla hajamaliza. Kampuni iliyoitengeneza naiacha bila jina, lakini ugonjwa wenyewe unajulikana kwa kila anayefungua vitu hivi kwa bisibisi. Mlango wa gari lile ulikuwa umefinyangwa kipande kimoja pamoja na dirisha, kwa hiyo mlango mzima ni plastiki angavu iliyopakwa rangi nyekundu sehemu ya chini. Bawaba inayobeba bega nayo imechongwa kwenye kipande hichohicho. Plastiki angavu ni ngumu, lakini haivumilii kuvutwa muda mrefu. Ndani ya bawaba kuna pini ya chuma yenye vijino upande mmoja, imesukumwa kwa mashine kwenye tundu dogo kuliko yenyewe. Plastiki ya kawaida ya ABS ingenyumbuka kidogo, ikatulia. Hii angavu inabaki imebanwa usiku na mchana, na viyeyusho vya rangi vikiingia kwenye tundu vinaharakisha mambo. Ufa unaanza ukingoni mwa tundu, unatembea taratibu, hata kama roboti haijaguswa.

Nilichukua kioo cha kukuzia, tukauona: nywele mbili nyeupe zinazotoka kwenye tundu, moja imefika ukingoni. Tukaangalia mlango wa kulia. Nao ulikuwa na unywele wake.

Rafuni kwangu kulikuwa na roboti ya zamani inayogeuka gari la Fairlady Z, ya Takara, kampuni ya vichezeo ya Japani, ya mfululizo wa Diaclone wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ule ambao miili yake kampuni ya Hasbro iliiuza Marekani kwa jina la Transformers kuanzia 1984. Niliishusha tulinganishe. Haki isemwe: ya zamani ina kasoro zake. Ngumi zake zinachomolewa na kupotea, kromu inababuka, na ukitaka isimame kwa pozi lolote zaidi ya wima, utasubiri sana. Lakini unaigeuza bila kijitabu, na ukiishika unahisi chuma. Ile mpya ilikuwa na hatua 38 kwenye maelekezo. Katika hatua ya 27 mkono unapita chini ya paa kwa nafasi isiyozidi unene wa kadi ya simu, rangi ikikwaruzwa kila safari. Mapaja yalikuwa matupu kwa nyuma, unaona mbavu za plastiki, na sehemu zilizopakwa rangi nyekundu hazikulingana na zilizofinyangwa kwa plastiki nyekundu. Kwa yeni 22,000!

Sijui nani aliwashawishi watu kwamba hatua nyingi ndiyo ubora. Kila hatua ni bawaba, na kila bawaba ni mahali pa kuvunjika.

Kazi tuliianza na mlango wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulishakufa. Skrubu nne za mgongoni tulizitoa kwa bisibisi ya msalaba wa Kijapani, JIS namba 0. Bisibisi ya kawaida ya msalaba huteleza kwenye skrubu hizi na kula kichwa. Kisha tukapasha bawaba moto kwa draya ya nywele, kutoka mbali, mpaka iwe vuguvugu. Pini inasukumwa kuanzia upande laini ili ule wenye vijino utangulie kutoka. Ukikosea upande, vijino vinapita ndani ya tundu zima na unamalizia ulichokuja kuokoa. Tulitumia msumari mwembamba uliosuguliwa ncha ikawa bapa, na nyundo ndogo ya fundi saa.

Pini ilikuwa ya milimita 2. Tundu la mlango tulilipanua kwa keekee ya mkono hadi 2.1, tukiizungusha kwa vidole tu, maana keekee ya umeme inayeyusha. Lengo ni pini izunguke bila kubana kwenye plastiki angavu, vijino viume kwenye masikio ya ABS ya nje, yanayoishika bawaba pande zote mbili. Tone la mafuta ya silikoni, basi. Mafuta ya mashine ya kushonea yanaweza kuongeza nyufa.

Rafiki yangu alikuwa ameshika supaglu kwa ajili ya mlango wa kushoto. "Hiyo weka chini, ndugu yangu." Mvuke wake unatia ukungu mweupe kwenye dirisha, na hautoki kwa kufuta. Tulitumia gundi ya epoksi, angavu, ya kukauka polepole, tukabana kwa utepe, tukaacha mpaka kesho yake. Mkono ulirudi. Kuugeuza kuwa gari tena hakuthubutu, na sikumlaumu.

Wakati epoksi inakauka tulipiga hesabu ya bei. Kalibu ya chuma, ile ya kufinyangia plastiki, ni gharama kubwa, na kichezeo cha watu wazima kinauzwa kwa idadi ndogo, hivyo kila boksi linabeba mzigo mzito. Kuna pia ada ya leseni kwa kampuni ya gari. Hapo naelewa. Nisichoelewa ni kalibu ileile kurudi kwa rangi nyingine bila bei kushuka. Mtindo wenyewe ni wa kale, Fairlady yangu nayo ilikuwa na ndugu yake wa polisi, mwili mmoja.

Majira ya kuchipua yaliyofuata ikatangazwa ile nyekundu kwa rangi nyeusi na nyeupe, yeni 2,000 zaidi. Rafiki yangu alinitumia picha ya tangazo, amezungushia mlango duara. Bawaba ilikuwa angavu vilevile. Chini yake ameandika: "Ile keekee uliinunua duka gani?"