Holdifasti ya Bei Nafuu na Tundu Lililotobolewa Vizuri

Kwa miaka mingi nilizuia mbao zangu kwa misumari niliyoikongomea kwenye benchi, kama walivyofanya mafundi walionifunza, na kwa kazi ya randa njia hiyo ilinitosha. Nilianza kuona upungufu wake nilipopewa kazi ya kuchonga nakshi kwenye mfaa wa mlango. Mfaa ni kipande kirefu na chembamba cha katikati ya mlango, ambacho mchongaji hulazimika kukigeuza kila baada ya dakika chache ili patasi ifuate ua linavyozunguka. Wachongaji wa zamani niliowaona huketi chini na kukibana kwa miguu. Magoti yangu hayakubali mkao huo kwa saa nyingi, na klampu za skrubu zilinichosha kwa kufungua na kufunga. Ndipo nilipoanza kutafuta holdifasti.

Holdifasti ni kipande kimoja cha chuma chenye umbo la namba 7. Mguu wake huingia katika tundu la benchi, na mkono wake hulala juu ya ubao. Ukiigonga kichwani, mguu huinama kidogo ndani ya tundu, ukauma ukingo wa juu kwa nyuma na ukingo wa chini kwa mbele, huku mkono uliojikunja kidogo ukiendelea kuukandamiza ubao. Ukigonga mgongo wa mguu, kwa nyuma, karibu na kichwa, inaachia mara moja. Hakuna cha kuzungusha, na mkono wa pili unabaki huru kushika kazi.

Ya kwanza niliinunua dukani kwa bei ndogo sana, nami nilidhani nimepata. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, nene, iliyopakwa rangi inayong'aa hadi kwenye mguu. Iliteleza kila nilipoigonga, na nilipozidisha nguvu ilikatika shingoni. Baadaye nilielewa sababu: chuma cha kusubu hakinyumbuki, ilhali kazi yote ya holdifasti inategemea mkono wake kunyumbuka kidogo na kutaka kurudi ulikotoka. Kwa hiyo, anayechagua ya bei nafuu asitazame unene wala rangi, bali aulize kama imefuliwa au kukunjwa kutokana na chuma cha pua.

Ya pili, ambayo ninayo hadi leo pamoja na pacha wake, ilifuliwa na mhunzi wa mtaani kwa nondo laini ya duara yenye kipenyo cha milimita 20. Sikutaka nondo ya ujenzi yenye matuta, kwa sababu matuta yale hula ukingo wa tundu. Mguu una urefu wa milimita 280 na mkono una milimita 170 hivi. Ncha ya mkono ilipondwa ikawa bapa, kisha ikainamishwa ili iguse ubao kabla ya sehemu nyingine yoyote. Nilimwomba mhunzi aiache ipoe yenyewe badala ya kuitumbukiza majini, kwa kuwa chuma cha mabaki huwezi kujua kina kaboni kiasi gani, na chenye kaboni nyingi kikipozwa ghafla huwa chepesi kuvunjika. Wenye ndugu Marekani wanaweza kuagiza zile za Gramercy Tools, ambazo hutengenezwa kwa tundu la inchi 3/4, yaani milimita 19, na zinasifika kwa bei yake. Ila ni mzigo mzito kwa usafirishaji.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, nusu ya holdifasti ni tundu lake, na hapa ndipo wengi wanapokosea kisha wakalaumu chuma. Kwa mguu wa milimita 20 nilitoboa tundu la milimita 22. Likibana kabisa, mguu haupati nafasi ya kuinama. Likilegea mno, huinama kupita kiasi na mkono hunyanyuka. Nilisimamisha guniya, yaani kipimo cha pembe mraba, pande mbili za keekee ili tundu liende wima, na nikaweka ubao mbovu chini ya benchi ili lisichanike linapotokea. Unene wa benchi nao una neno lake. Langu ni la mkaratusi, milimita 70, na linashika vizuri. Benchi lenye unene chini ya milimita 45 hivi linahitaji kipande cha mbao ngumu kigundishwe chini ya tundu. Na likizidi milimita 100, tundu lipanuliwe kwa kutokea chini.

Kwa kuwa nondo laini huja na utelezi wake, nilizungushia msasa wa namba 80 kwenye mguu hadi ukapata mikwaruzo ya mviringo. Usiipake mafuta kamwe, hata kama unaishi karibu na bahari na kutu inakusumbua. Kutu nyepesi ya mguuni haidhuru, ila ile ya ncha itaacha doa kwenye ubao wa mninga. Chini ya ncha naweka kipande cha mkanda wa ngozi uliochakaa.

Matundu nilianza na matatu tu, nyuma ya benchi, kila moja milimita 350 kutoka kwa jingine, na mengine nayaongeza kazi inapodai. La mwisho nililitoboa kwenye mguu wa mbele wa benchi, ili nishikilie mbao za milango zikisimama kwa ubavu, kwani sina jiliwa, kile kifaa cha skrubu cha kubania mbao, upande ule. Tundu la kwanza, lililo mbele yangu ninapochonga, limeanza kuwa na umbo la yai. Wiki ijayo nitaliziba kwa kigingi cha mkaratusi na kulitoboa upya.