Pole niliyopewa baada ya Kintinku

Nimerudi tangu Jumapili na maumivu ya mapaja yamekwisha, lakini neno moja nililoambiwa njiani limekataa kabisa kunitoka.

Safari ilikuwa ya baiskeli kutoka hapa Dodoma hadi Singida, kilomita 240 hivi, kwa siku nne. Siku ya kwanza nililala Bahi, kwenye tambarare ya mpunga, na kesho yake mbigili zilinitia pancha mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya Kintinku nchi huanza kuinuka, kwa kuwa hapo unaukabili ukingo wa Bonde la Ufa, na mpaka ufike Manyoni umepanda mita 400 hivi katikati ya mawe na vichaka vya miiba. Hapo nilimkuta mzee akisukuma baiskeli nyeusi aina ya Phoenix yenye magunia mawili ya mpunga, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Nilishuka, nikamwamkia, tukasukuma pamoja.

“Mzigo huo unampelekea nani, mwanangu?”

“Simpelekei mtu, mzee. Ni hema na nguo zangu. Natembea tu.”

Alinyamaza hatua kama kumi, kisha akasema, “Pole sana.”

Mtu akijikwaa tunampa pole, akitoka shambani tunampa pole, na akifiwa pole ni hiyo hiyo. Wiki hii Neema wetu amejifungua salama mtoto wa kike, nami nimepokea barua ya kuhamishiwa idara nyingine, lakini usiku ninachokisikia ni sauti ya yule mzee. Ningependa kuamini kwamba alinipa pole ya jasho. Zile hatua kumi ndizo zinazonikatalia, kwa sababu pole ya mlima haisubiri. Nami nilijibu “asante” na kuendelea kusukuma, wala sikumwuliza magunia yake yanakwenda kwa nani.

Asubuhi yake, pale Manyoni, nilinunua dumu la asali la lita tatu kwa ajili ya mama, nikalitia katika begi la kulia. Baiskeli ilivutia upande huo mpaka nilipohamishia chupa za maji kushoto. Kutoka hapo zilibaki kilomita zaidi ya 100, na kila nilipochoka nilipeleka mkono nyuma kuhakikisha kifuniko hakijalegea. Mama mmoja aliyeniuzia chai aliuliza nimebeba nini, nikamjibu, “Asali ya mama yangu,” kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji. Nilipoyaona majabali ya Singida, yameegemeana kama mafiga, na nyuma yake maji ya Ziwa Singidani yanang’aa, nilikuwa naimba.

Nilirudi kwa basi. Mama aliionja asali kwa ncha ya kidole, akaisifu, akaniombea dua. Usiku ule nililala kwake, nikamsikia akiamka mara tatu kunywa maji, kila mara kikombe kikigonga mtungi, na asubuhi mtungi ulikuwa umebaki maji kidogo tu. Hajaniambia lolote. Jumatano nitampeleka akapimwe sukari. Dumu nimelipandisha juu ya kabati, naye hajauliza liko wapi.