Anayeshindana kila mwaka hupanda jukwaani na mwili uleule

Mtunisha misuli asiyetumia dawa akishika nafasi ya tano mwaka huu, ya sita mwaka unaofuata, kisha ya tano tena, watu wa jimu humwambia akaze roho. Roho huwa anayo. Kinachompungukia ni miezi. Fungua kalenda yake: wiki 12 za kujikausha (kupunguza mafuta ya mwili kwa ajili ya jukwaa), mwezi wa kula kila kinachopita, miezi michache ya kukilalamikia kitambi, halafu anaanza kujikausha upya. Misuli mipya ingeota saa ngapi?

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulimfuatilia mshindani asiyetumia dawa kwa miezi 12: sita kabla ya shindano, sita baada yake. Mafuta ya mwili yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Mapigo ya moyo akiwa ametulia yalitoka 53 kwa dakika hadi 27. Testosteroni, homoni inayosaidia kujenga msuli, ilianguka kutoka nanogramu 9.22 kwa mililita hadi 2.27, yaani ilibaki robo. Ndani ya ile miezi sita ya baadaye karibu yote yalirejea, isipokuwa nguvu za kunyanyua, ambazo zilikuwa bado hazijarudi zote. Ni mtu mmoja tu, lakini aliyewahi kukaa karibu na jukwaa ataitambua hali hiyo. Sasa fikiria mtu huyo aanze kujikausha tena mwezi wa saba baada ya shindano. Atakausha mwili ambao bado una deni la mwaka jana.

Kwa hiyo ukishashindwa, ahirisha kwanza swali la utarudi lini. Uliza ulipotezea wapi. Siku hiyohiyo omba kuona karatasi ya alama kama waandaaji wanairuhusu, na umuulize jaji swali lenye majibu machache: nilikosa ukubwa, ukavu, ulinganifu au pozi? Ukimwuliza "umenionaje?" atakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Kisha tafuta picha ulizopigwa kwa nyuma. Wanaume wengi hupotezea shindano wanapogeuka, kwa sababu kiuno cha nyuma, makalio na nyuma ya mapaja ndiko mafuta yanakoondoka mwisho. Tumbo lenye vipande sita linadanganya. Linaweza kuonekana wiki nane kabla mwili haujawa tayari.

Kama tatizo ni ukavu, kosa kwa kawaida liko kwenye hesabu ya wiki. Chukua mtu wa kilo 80 mwenye mafuta asilimia 18. Bila mafuta ana kilo 65.6. Ili afike asilimia 6 bila kupoteza msuli inabidi ashuke hadi karibu kilo 70, yaani atoe kilo 10. Akijipa wiki 12, ni gramu 850 kwa wiki, zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake, na kasi hiyo humla msuli hasa anapokaribia mwisho. Akijipa wiki 24, ni gramu 425 hivi, na bado ana nafasi ya kuugua malaria au kufiwa bila mpango wote kuvunjika. Mpango wa wiki 12 unamfaa aliyeanza akiwa tayari mkavu.

Hesabu ya chakula inaharibika jikoni kabla chakula hakijafika sahani. Ugali upimwe ukiwa unga, kwa sababu ugali mgumu na ugali laini havibebi unga uleule kwa uzito mmoja. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi, na anayemimina kwa jicho huweka vitatu akihesabu kimoja. Protini wakati wa kujikausha iwe gramu 2.3 hadi 3.1 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta, hivyo huyu wetu anahitaji kati ya 150 na 200 kwa siku. Yai moja linatoa gramu 6, kidari cha kuku kilichopikwa 30 kwa kila gramu 100, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, bei yao ikiwa ya kuchekesha ukilinganisha na kopo la unga wa maziwa wa jimu. Maharage ni chakula kizuri, lakini yaliyopikwa yana gramu 8 au 9 tu kwa kila 100 na wanga mwingi. Anayeyahesabu kama nyama ndiye anayeshangaa mizani kugoma.

Na mizani ikigoma katika wiki za mwisho, usikimbilie kupunguza chakula. Hesabu kwanza hatua unazotembea kwa siku. Mwili wenye njaa hujificha: unakaa zaidi, unapanda bodaboda pale ulipokuwa unatembea, hata mikono inaacha kuchezacheza unapoongea. Aliyekuwa na hatua 10,000 anajikuta na 5,000 bila kujua.

Maji ni kosa la kurithi. Bado kuna makocha wanaomkatia mtu maji na chumvi siku mbili kabla ya jukwaa. Msuli kwa sehemu kubwa ni maji, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa ndani yake huja na gramu tatu hivi za maji. Ukiyaondoa, msuli unasinyaa, mishipa inazama, na mtu aliyekuwa mzuri Alhamisi anapanda Jumamosi akiwa bapa. Dawa za kukojoza ndizo mbaya zaidi. Zimepigwa marufuku kwenye michezo inayopima dawa, na kifo cha mtunisha misuli Mohammed Benaziza mwaka 1992, baada ya shindano huko Uholanzi, kilihusishwa na upungufu wa maji uliotokana na dawa hizo.

Tukirudi kwenye kalenda: miezi inayofuata shindano ndiyo inayoamua shindano lijalo, na ndiyo isiyopangwa. Aliyepanda na kilo 70 asijaribu kubaki na 70. Arudi kilo 74 au 75 ndani ya wiki nne hadi nane, kwa kuongeza chakula kwa makusudi, si kwa karamu ya siku tatu inayovimbisha miguu. Baada ya hapo, mtu mzoefu aongeze uzito taratibu, chini ya asilimia 0.25 kwa wiki. Anayeanza mazoezi anaweza kupata nusu kilo ya msuli kwa mwezi. Aliyepiga vyuma miaka sita akipata kilo moja kwa mwaka mzima ashukuru. Ndiyo maana ninaona msimu wa kujenga wa miezi 18 ni mfupi kwake, na miezi minane ni kujidanganya. Jaji hawezi kuona tofauti ya gramu mia sita na kitu.

Wanawake wana kipimo kingine cha wazi zaidi: hedhi. Ikikatika wakati wa kujikausha, hakuna kuanza maandalizi mengine mpaka irudi na kutulia. Kuna mshindani aliyeandikwa kitaalamu ambaye hedhi yake ilichukua wiki 71 kurejea baada ya jukwaa. Kocha anayesema "ni kawaida ya mchezo" aachwe.

Majeraha nayo hula miaka, ingawa si kwa kiasi watu wanachoogopa. Msuli wa mbele wa mkono wa juu hukatika zaidi wakati wa kunyanyua chuma kizito toka chini, upande ambao kiganja kimeangalia mbele. Shika kwa viganja vyote kuangalia nyuma, tumia mikanda ya mkononi. Ukilazimika kupumzisha kiungo, endelea na upande mzima. Mazoezi yake husaidia upande uliofungwa usipoteze nguvu zote. Kwa sehemu zisizoumia lakini usizo na muda nazo, theluthi moja ya seti zako za kawaida, kwa uzito uleule, hulinda msuli kwa miezi. Ukirudi, anza na nusu ya seti kwa wiki mbili hata kama unajisikia simba. Msuli uliowahi kuwepo hurudi haraka kuliko ulivyojengwa. Kano haina haraka hiyo.

Kuna pigo moja ambalo chakula na kalenda haviwezi kulikinga: kipimo cha mkojo kilichokutwa na kitu ambacho hukukusudia kukimeza. Maabara ya Cologne, Ujerumani, inayopima dawa za michezo, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, matokeo yakachapishwa mwaka 2004: 94 vilikuwa na homoni zisizoandikwa kwenye lebo. Mkojo ni wako na jibu ni lako, hata ukiwa na risiti. Kreatini tupu (unga wa kuongeza nguvu za kunyanyua), gramu 3 hadi 5 kwa siku, yenye nembo ya kupimwa kwa michezo, inatosha. Kila toleo ulilonunua andika namba yake, weka vijiko viwili vya ushahidi kwenye kopo lililofungwa, na usilitupe mpaka majibu ya shindano yatoke.