Nilivyopata muda halisi wa safari ya ndege kati ya Dubai na Guangzhou

Sisi tunaofuata mzigo China kwa kupitia Dubai tumezoea majibu ya ovyo kuhusu urefu wa safari hiyo, lakini nililopewa na kijana wa ofisi moja ya tiketi huko Deira lilipita kiasi. Aliitazama tiketi yangu, akasema bila wasiwasi kwamba kwenda Guangzhou ni saa 11 na kurudi ni saa nne, "kwa sababu ndege ya kurudi, kaka, ina kasi zaidi." Nilimshukuru, nikaenda kujihesabia mwenyewe.

Mwenyeji wangu, Mmombasa asiyekosa ushauri, alisisitiza kwamba rula inatosha. Tulisimama mbele ya ramani yake ya ukutani, akapima kwa makini huku jicho moja amelifumba, akalinganisha na kipimo kilichochapwa chini, akatangaza kilomita 6,450 kana kwamba amevua papa. Mimi sikuridhika, kwani ramani ile ni ya aina inayotanua nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta, hata Greenland ikaonekana kubwa sawa na Afrika, na kipimo chake kilikuwa cha ikweta, ilhali miji yote miwili iko kaskazini, Dubai kwenye nyuzi 25 na Guangzhou kwenye nyuzi 23 hivi. Nikaazima tufe la mwanawe, nikavuta uzi kati ya miji hiyo, kisha nikauzungusha uzi huo kwenye ikweta: uliingia mara saba kasoro kidogo. Ikweta ina kilomita 40,000 na ushee, kwa hiyo umbali ni kama kilomita 5,800, nao kwa ndege ya kilomita 900 kwa saa ni saa sita na nusu, bado kupaa na kutua.

Sasa saa 11 za yule kijana zilitoka wapi? Tiketi ilionyesha kuondoka Dubai saa nne asubuhi na kufika Guangzhou saa tatu na robo usiku; kurudi, kuondoka saa sita na robo usiku na kufika saa kumi na nusu alfajiri. Kila wakati umeandikwa kwa saa za mji wake, na China nzima hufuata saa za Beijing, ambazo zimeitangulia Dubai kwa saa nne. Hapa ndipo hila yangu, ambayo naringa nayo, ilipofanya kazi: jumlisha saa 11 na robo za kwenda na saa nne na robo za kurudi, kisha gawa kwa mbili. Tofauti ya saa za miji inajifuta yenyewe, unabaki na wastani wa saa saba na dakika 45, hata kama huijui tofauti hiyo. Ukiijua, unapata saa saba na robo za kwenda na saa nane na robo za kurudi.

Saa moja inayozidi inaliwa na upepo. Juu ya kaskazini ya India, hasa majira ya baridi, hupita mkondo mkali wa upepo utokao magharibi, unaoisukuma ndege inayokwenda na kuipinga inayorudi. Nilisafiri Januari, na kwenye skrini ya kiti mwendo wa kwenda ulipita kilomita 1,000 kwa saa, ilhali wakati wa kurudi ndege ilijikongoja.

Kwa hiyo anayerudi Dubai asipange kuonana na wakala wa kago asubuhi ileile. Saa inaonyesha alfajiri, lakini mwili umekaa kitini zaidi ya saa nane, na teksi za uwanjani nazo zinataka dirhamu zake.