Siku moja maishani mwangu: kumtungia wimbo malenga kipofu

Saa 11 alfajiri

Adhana za Mji wa Kale wa Mombasa ndizo zinazoniamsha. Nikishaswali napanda darini na kujisomea kwa sauti kabla pikipiki hazijaanza kunguruma vichochoroni. Kazi yangu ni kutunga nyimbo za tamthilia ya sauti. Hadithi yetu inatokea kwenye visiwa vya kubuni vilivyojengwa kwa mfano wa visasili vya Wayunani: miungu yenye wivu, wafalme wenye mabaharia wengi na mashamba machache, mlima wenye chemchemi ambako malenga hupewa sauti. Katika sehemu tunayoiandaa sasa kuna karamu, na katika karamu hiyo malenga kipofu anaimba jinsi mji mmoja ulivyochomwa. Wimbo huo ndio kazi yangu ya leo.

Alfajiri huwa situngi. Nazisema beti za jana bila karatasi, ninatembea huku na huku. Kipande kisichokaa kichwani usiku mmoja nakifuta, hata kiwe kizuri namna gani kwenye daftari, kwa sababu malenga wangu haoni na wala hajui maandishi. Wayunani wa kale walisema mabinti tisa wanaowapa waimbaji nyimbo zao walizaliwa na Mnemosyne, yaani Kumbukumbu. Katika Iliad, utenzi wa Homer, malenga wa kale wa Wayunani, kabla ya kuanza kuzitaja merikebu zote zilizokwenda kupigana Troia, mwimbaji anawaomba mabinti hao wamsaidie: ninyi mlikuwapo na mnajua yote, sisi tunasikia uvumi tu. Dua hiyo naipenda kuliko mapambano yote yanayofuata. Mwimbaji anakiri mbele ya watu kwamba hakuwapo vitani, kisha anaimba.

Dua ya malenga wangu imekwisha kukaa:

Nipe sauti mamangu
mlezi wa tungo zangu
niimbe kwa kinywa changu
mji ulioungua.

Saa 1 asubuhi

Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Mama amekaa jikoni na alikuwa akinisikia tangu alfajiri, maana ngazi za nyumba yetu hupeleka sauti moja kwa moja hadi chini. Mama hakusomea fasihi, ila amelelewa kwenye nyumba ambamo tenzi zilighaniwa usiku hadi watoto wakapitiwa na usingizi. Hukumu yake naiamini.

“Ule wa lango uusome tena,” ananiambia.

Nausoma:

Lango lilipovunjika
na moshi ukafunika
waume wakaanguka
washindi wakachukua.

“Wakachukua nini?”

“Kila kitu, mama. Dhahabu, ng'ombe, wanawake.”

“Basi mwanangu, huo ni wimbo wa wenye karamu. Wao wanashangilia. Mimi nimekaa wapi humo ndani?”

Ananiongeza mbaazi na kuanza kuulizia bei ya samaki. Mimi akili yangu imeshapanda darini.

Saa 2 hadi saa 6

Nikae kidogo hapa, maana saa hizi ndizo kazi yenyewe.

Nimesoma hadithi nyingi za ulimwengu wa kubuni ambamo malenga anasimama, anaimba ubeti wenye maneno ya kale, wasikilizaji wanapiga makofi, na safari inaendelea kana kwamba hakuna aliyeimba. Wimbo wa namna hiyo ni pambo, ukiuondoa hakuna kinachoanguka. Fungua Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, kitabu cha 8 uone tofauti yake. Odysseus, mmoja wa walioiteka Troia, ametupwa na bahari kwenye nchi ya Wafaiakia, hakuna anayemjua. Mfalme Alkinoos anafanya karamu, na anaitwa Demodokos, mwimbaji ambaye binti wa Kumbukumbu alimpenda akampa jema na baya: alimnyima macho, akampa wimbo mtamu. Anaimba mara tatu. Mara ya kwanza mgeni anajifunika joho la zambarau usoni ili wasione machozi. Mara ya pili ni kisa cha miungu wapenzi, Ares na Aphrodite, walionaswa kwenye wavu wa Hephaistos, mume wa Aphrodite, watu wanacheka. Mara ya tatu mgeni mwenyewe ndiye anayeomba uimbwe mkasa wa farasi wa mbao aliyetumiwa kuiteka Troia, na unapoimbwa analia hadi mfalme anausimamisha wimbo na kumuuliza: wewe ni nani? Vitabu vinne vinavyofuata, jitu Kyklopi, mchawi Kirke, kuzimu, dude Skylla, vyote ni jibu la swali hilo. Bila Demodokos Odysseus angekula akalala.

Sasa tazama Homer anavyokieleza kilio chenyewe. Anasema Odysseus alilia kama mwanamke aliyemwangukia mumewe aliyeuawa mbele ya mji wake. Mume anatweta roho ikimtoka, mke amemkumbatia anapiga ukwenzi, na nyuma yake maadui wanamchoma mabegani kwa mikuki ili ainuke akaanze utumwa. Aliyeuteka mji analia kama mtu wa mji ule ule alioutekeza. Kisha Homer anaendelea na habari zake, na yule mwanamke hatumwoni tena. Hana jina.

Mimi sikuweza kumwacha. Katika tamthilia yetu nimempa kazi: yeye ndiye anayebeba mtungi wa mvinyo kwenye karamu. Malenga hajui kwamba yumo ukumbini. Mfalme hamtazami. Wimbo unaowaburudisha wote ndio habari ya mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo swali langu tangu saa 2 hadi adhuhuri ni moja: malenga aliyelipwa na washindi ataimbaje wimbo wa washindi, na bado mwanamke mwenye mtungi akakuta nafasi ya kuingia?

Nimechagua bahari ya utenzi, na sababu si kwamba mimi ni wa Pwani tu. Mstari wa Homer una hatua sita na ni mrefu, unaweza kubeba sentensi nzima na sifa za mtu juu yake. Ukiulazimisha kwenye Kiswahili unatoa nathari iliyokatwakatwa. Utenzi ni vipande vifupi vya mizani nane, vitatu vikipatana vina na cha nne kikirudi kwenye kina kile kile mwanzo hadi mwisho, na kazi yake tangu zamani ni kusimulia kwa sauti. Tena si mara ya kwanza umbo hili kubeba habari za vita vya ng'ambo: Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate, na ambao mswada wake una tarehe ya 1728, unasimulia vita na Herekali, kaizari wa Rumi ya mashariki, kwa beti zaidi ya 1,100.

Halafu kuna suala la maneno yaliyo tayari. Milman Parry, mtaalamu Mmarekani, alikwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 kuwarekodi waimbaji walioimba huku wakipiga gusle, chombo cha uzi cha huko. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1935 alitoa utenzi wa mistari zaidi ya 12,000, karibu sawa na Odyssey. Alichokionyesha Parry ni kwamba mwimbaji wa namna hii hakariri neno kwa neno. Ana hazina ya vifungu vyenye kipimo, naye anavitumia kuujenga wimbo huku anaimba. Ndiyo maana katika Iliad shujaa Achilles huitwa mwenye mbio hata akiwa amekaa kitako. Nami nimemwekea malenga wangu hazina yake, kila kifungu mizani nane kamili: bahari nyeusi tii, nahodha mjua nyota, jua mpasua wingu. Vinarudi katika kila wimbo wake, na msikilizaji wa sehemu ya kwanza akivisikia tena baadaye atajua yuko kwenye visiwa vile vile. Havimchoshi, vinampumzisha.

Lakini kwenye ubeti wa lango sikutaka kifungu cha hazina. Nilitaka kipande cha nne kigeuze uso. Saa 5 kasoro ndipo kikaja:

Lango lilipovunjika
na moshi ukafunika
waume wakaanguka
nani aliyewajua?

Washindi watalisikia swali hilo kama majigambo: maadui wasio na majina, nani anawajali? Mwanamke mwenye mtungi atalisikia kama swali lenye jibu. Yeye aliwajua. Na linakwenda sambamba na ile dua ya mwanzo, kwa sababu anayeomba apewe sauti anakiri kwamba hakuwapo.

Baada ya hapo ubeti unaofuata ulishuka wenyewe:

Kuna mama kwenye njia
mumewe kamwinamia
mikuki yamwashiria
mkono wamchukua.

Nashuka ngazi mbio kumsomea mama. Anasikiliza, anaendelea kuparua samaki, kisha anasema, “Sasa nimeingia.”

Saa 7 mchana

Wali na samaki wa kupaka. Nalala nusu saa, joto la Mombasa halina mjadala.

Saa 9 alasiri

Mazoezi. Chumba chetu cha kurekodia kiko ghorofani Kibokoni, kuta zimeegemezwa magodoro ili mwangwi usirudi, na feni lazima izimwe. Anayemwimba malenga ni ustadh anayefundisha kaswida, mwenye koo pana na subira. Anayepiga ala ni mzee Mjaluo kutoka Changamwe, na ala yenyewe ni nyatiti.

Nyatiti niliipigania. Kulikuwa na pendekezo la kutumia zumari na vinanda vya kompyuta ili “isikike ya Kiyunani”. Lakini phorminx ya malenga wa Homer ilikuwa kinubi cha mikono miwili iliyounganishwa na mti juu, nyuzi zikishuka hadi kwenye bakuli, na nyatiti ni ya ukoo huo huo wa ala. Ina nyuzi nane, bakuli lake limewambwa ngozi ya ng'ombe, mpigaji huketi chini na kugonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Ule mgongano wa pete ya chuma ukianza, chumba kizima kinanyooka.

Namweleza Ustadh kitu kimoja kutoka Odyssey. Mpiga mbiu anamleta Demodokos, anamwekea kiti chenye misumari ya fedha kwenye nguzo, anatundika kinubi kwenye kigingi juu ya kichwa chake, kisha anamshika mkono kumwonyesha atakapokifikia. Anamwekea meza, kikapu cha chakula na kikombe cha kunywa kila atakapopenda.

“Kwa hiyo nianze na kupapasa?” anauliza Ustadh.

“Ndiyo, Ustadh. Tusikie vidole vinatafuta uzi kabla ya sauti.”

Tunafunga kitambaa machoni pake. Mzee anaiweka nyatiti juu ya kigoda, Ustadh ananyoosha mkono, anagusa ngozi kwanza, kisha mti, kisha uzi wa chini kabisa unalia bila kukusudiwa. Fundi mitambo anainua kidole: amelinasa. Hilo ndilo litakalofungua wimbo. Kisha Mzee anaichukua ala yake.

Wakati wa chai namuuliza Mzee, matangani anamwimbia nani. Ananieleza habari za pakruok. Mtu kwenye hadhira anatoa pesa, wimbo unasimama, anajisifu au anamsifu rafiki yake, kisha nyuzi zinaendelea. Mpigaji lazima ajue kusimama na kuanza tena bila kupoteza uzi wa habari. “Mwenye pesa ananisimamisha,” anasema, “lakini mwenye msiba ndiye namtazama.”

Papo hapo nikaandika. Odysseus alimkatia Demodokos kipande kinono cha mgongo wa nguruwe na kumpelekea kwa heshima. Kwetu itakuwa mbuzi, na itafanya zaidi: mfalme atautuma mnofu katikati ya wimbo ili asifiwe, malenga atasimama, atamsifu kwa beti mbili, kisha atarudi palepale kwenye lango lililovunjika. Washindi wataona wimbo umekatizwa kidogo. Mwanamke atakuwa ameungoja ukimya wote ule akiwa na mtungi mkononi.

Tunarudia mara kadhaa. Ustadh anataka kurefusha “nani” kwa mtindo wa kughani, namwachia. Kwenye “aliyewajua” namwomba asipambe kabisa.

Saa 1 usiku

Simu ya mwelekezi. Amesikiliza mazoezi na ameyapenda, ila anaona wimbo ni mrefu. Anataka beti tatu, halafu msimulizi aeleze kwamba malenga aliendelea kuimba hadi usiku wa manane.

Ninamwambia hapana, na ninamweleza kwa utaratibu. Msikilizaji lazima akae ndani ya wimbo muda wa kutosha asahau kwamba hadithi ilikuwa inakwenda mahali pengine. Swali la kipande cha nne halina nguvu kama vipande vya nne vilivyotangulia havijamzoesha kupokea habari za ushindi. Ni lazima kina cha “ua” kimtulize mara nyingi, ndipo kimshtue. Na tukimpa msimulizi kazi ya malenga, basi tumeandika tena lile pambo, na mwanamke wetu atabaki anamimina mvinyo tu.

Ananyamaza. “Dakika ngapi?”

“Saba, pamoja na mnofu wa mbuzi.”

“Nitakupa sita.”

“Sita na nusu, na zumari isiwepo.”

Amekubali.

Saa 3 usiku

Naandika maelekezo ya kesho. Kwa fundi: ule uzi uliolia bila kukusudiwa usisafishwe. Kwa Mzee: baada ya mnofu, pete ya chuma irudi peke yake mara nne kabla ya nyuzi. Kwa dada anayeigiza mwanamke mwenye mtungi: kwenye maandishi yangu hana neno hata moja katika karamu hii, lakini nataka awepo chumbani wimbo wote ukirekodiwa, akae mahali ambapo Ustadh hamwoni. Na kwa Ustadh: hakuna haja ya kuhuzunika popote, aimbe kama mtu anayetaka kulipwa vizuri.

Zimebaki beti mbili za kumsifu mfalme, na hizo ziko nyepesi. Nitazimaliza kesho baada ya mahamri.