Mkuku, farumi na ubao wa katikati

Kila maji yanapokupwa hapa Tanga, nami nikatazama mashua zilizolala ubavu mchangani, hurudi kwenye swali lile lile: chombo kidogo kinachofaa mashindano, na kinachofaa pia kulalwa na watu wawili njiani kwenda Pemba, kichorwe vipi?

Mfano ninaoupenda ni Folkboat, mashua ndogo ya matanga iliyozaliwa katika shindano la ubunifu huko Uswidi mwaka 1942 na kuchorwa na Tord Sundén. Ina urefu wa mita 7.68 na upana wa mita 2.20 tu, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma kilichofungwa chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Kwa kuwa uzito huo uko chini kabisa, chombo kinapoinamishwa na upepo hujirudisha chenyewe, ilhali farumi, yaani uzito wa mawe unaowekwa ndani ya mashua yetu ili itulie, yaweza kuporomokea upande ule ule kinakolalia. Ngalawa hupata uthabiti wake kwa mirengu, yaani mbao zinazoelea pande zake mbili, nayo ni nyepesi na ya kasi, lakini haina mahali pa kulala.

Hata hivyo, sehemu ya Folkboat iliyo chini ya maji hufika mita 1.20, kina kisichopatana na fukwe zetu. Kwa hiyo ningechora mkuku mfupi wenye uzito, na katikati yake ubao unaoshushwa wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa mishazari, na kupandishwa tunapokaribia mchanga, ingawa sanduku la ubao huo, lisipokalafatiwa vyema, yaani nyufa zake zisipozibwa, ndilo litakaloanza kuvuja.